Kaunta ya Jiko la Dodoma: Vumbi, Maji ya Chumvi na Twahara



Mabibi harusi wanaopelekwa Dodoma siku hizi ni wengi. Mji huo ulitajwa kuwa makao makuu tangu 1973, lakini ni 2016 ndipo Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, na vijana wetu wenye kazi katika wizara za Muungano wakawa wanakuja Unguja na Pemba kuoa, kisha wanarudi na wake zao bara ya kati. Sisi ni watatu katika hao. Wawili wa Unguja, mmoja wa Mkoani. Wawili tuliwafuata waume. Mmoja wetu ndiye mwenye ajira na mume ndiye aliyefunga mizigo akamfuata, na hilo lina mada yake siku nyengine.

Mwari akituuliza habari za Dodoma huuliza pazia, kitanda, na kama baridi ya Juni ni ya kweli (ni ya kweli, mafuta ya nazi yanaganda chupani kama samli). Jiko hataji, kwa sababu anaona jiko ni jiko. Basi leo tunazungumzia kaunta, ile meza ya zege au jiwe inayokwenda na ukuta na sinki katikati, ambayo somo zetu hawakutufundisha kwa kuwa wengi wao wamepikia chini, kwenye kigoda, mbuzi ya nazi mbele na kinu pembeni.

Kisiwani adui wa kaunta ni unyevu. Chumvi inayeyuka koponi, siafu na sisimizi wanajua njia kuliko sisi, mbao inavimba. Dodoma ni kinyume chake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua inanyesha kati ya Disemba na Aprili, halafu mbingu inafungwa. Kuanzia Juni upepo unavuma na vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukipangusa kaunta baada ya alfajiri, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Na maji yake, sehemu nyingi, yanatoka ardhini, ni magumu na yana ladha ya chumvi. Tone likikauka linaacha duara jeupe. Bomba linaota ukoko chini, jagi la umeme linakuwa na magamba ndani kama kombe la chaza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Dodoma ni kukausha. Kwetu tulizoea kupangusa kwa kitambaa kibichi na kuacha pakauke penyewe. Huku ukiacha pakauke penyewe umeacha chokaa, na vumbi linalokuja baadaye linashikana nayo, linakuwa ganda. Weka vitambaa viwili: kimoja cha maji na sabuni kidogo, cha pili kikavu kinachofuata nyuma yake papo hapo. Kabla ya vyote viwili ondoa vumbi kwa brashi laini au kitambaa kikavu, maana vumbi la huku lina mchanga ndani yake, na ukilisugua likiwa na maji umepiga msasa kaunta yako. Jambo moja zuri la Dodoma ni jua. Kitambaa ukikianika nje saa nne asubuhi, adhuhuri kimekauka mkavu, hakinuki. Hakuna udhuru wa kuwa na kitambaa cha jikoni chenye harufu.

Sasa kuhusu kaunta yenyewe imejengwa kwa nini. Nyumba nyingi za kupanga, ziwe Kisasa, Ilazo au Nkuhungu, zina zege lililofunikwa tailizi. Tailizi zenyewe hazina neno. Shida iko kwenye mistari ya grauti kati yake. Grauti ni saruji, ina vitundu, inakunywa manjano, mafuta na mchuzi. Watu wanakimbilia siki. Siki kweli inaondoa duara la chokaa kwenye sinki la bati na juu ya tailizi, lakini ikiachwa kwenye grauti inaila, kwa sababu saruji ina chokaa hiyohiyo unayotaka kuitoa. Paka, hesabu dakika mbili, suuza, kausha. Kwa doa la manjano, changanya bekingi soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, bandika, acha usiku, asubuhi pangusa. Kikibaki kivuli cha njano, fungua pazia tu. Rangi ya manjano haistahimili jua, na jua la Dodoma litamaliza kazi kwa siku chache bila ya senti yako.

Wale wanaojenga wenyewe wanataka jiwe. Hapa tuwe waangalifu na maneno, maana neno marumaru limechoka: madukani tailizi zote huitwa marumaru, na jiwe halisi nalo huitwa hivyohivyo. Marumaru halisi na granaiti ni viumbe viwili tofauti. Granaiti ndilo jiwe la Dodoma lenyewe. Ile milima ya mawe makubwa yaliyopandana unayoiona ukiingia mjini, Mlima Simba mmojawapo, ni granaiti ya ule mwamba wa kale wa bara ya kati, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndimu haiwezi kuliumiza. Marumaru halisi asili yake ni chokaa, na kila chenye ukali kinaila: ndimu, siki, ukwaju, embe mbichi, achari. Na zabibu.

Hilo la zabibu ndilo lililomkuta bibi harusi mmoja tunayemjua. Dodoma ni mji wa zabibu, zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, na ni barabarani zimepangwa kwenye ndoo na beseni. Alijengewa kaunta nyeupe ya marumaru, nzuri wallahi, akaweka kikapu cha zabibu juu yake zikiwa zimeoshwa, na nyengine zimepasuka. Asubuhi akakuta duara zimefifia, hazing'ai. Akasugua kwa ndimu akidhani ni doa, zikazidi. Lile si doa. Ni jiwe lenyewe limelika, na kitambaa hakirudishi kilicholika. Lazima fundi aje alisugue na kuling'arisha upya. Basi ukiwa dukani na muuzaji anakuapia kwamba hili ni granaiti, omba kipande kilichokatwa, kamulia tone la ndimu. Likitoa povu dogo, au pakabaki alama, hiyo ni marumaru hata ikiitwa jina gani. Halafu dondosha maji kwenye kipande cha granaiti. Yakipotea ndani na kuacha weusi, lina kiu, na fundi alipake ile dawa ya kuziba vitundu kabla hujamwagia mchuzi wa kwanza.

Kabla hatujaondoka kwa fundi: urefu. Kaunta nyingi zimejengwa kwa kipimo cha fundi, na fundi ni mwanamume. Simama wima, kunja mkono, kaunta iwe chini ya kiwiko chako kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa kukanda unga wa chapati inatakiwa iwe chini zaidi. Na mwambie aiwekee mteremko mdogo kuelekea sinki na ukingo kwa mbele, ili maji yakimiminwa yajue pa kwenda. Utaona sasa hivi kwa nini.

Jirani yetu wa Kigogo, ambaye kila asubuhi tunaitikiana "mbukwenyi" juu ya ukuta, alitucheka tulipokuwa tunabishana habari za mawe. Kwao jiwe la jikoni lipo tangu zamani, jiwe la kusagia mtama na uwele, mama amepiga magoti nyuma yake, unga unaangukia mbele kwenye ungo. Halioshwi kwa sabuni, linafagiliwa kwa kifagio kidogo na linafunikwa. Hatukuwa na la kuongeza.

Tuje kwenye lililotusumbua zaidi, nalo ni twahara. Dodoma kuku wa kienyeji ni wengi na wazuri, na waislamu wengi tunanunua kuku mzima, anachinjwa uani na kuletwa jikoni. Damu inayotiririka ya kuchinjwa ni najisi, hilo halina mjadala. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, najisi yenye umbo haitwahariki kwa kupanguswa na kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kinaitandaza tu, na chenyewe kinanajisika. Unaondoa kwanza ile damu mpaka rangi, harufu na athari yake iondoke, halafu unamimina maji safi yapite juu ya pahala hapo na kuondoka. Yapite, yasituame. Ndiyo sababu ya mteremko.

Kisiwani tungelisema mimina tu. Huku kuna wiki bomba linatoa maji siku mbili, na kilichomo tankini ndicho cha udhu, cha kupikia na cha mtoto. Na dini iliyotutaka tutwahirishe ndiyo hiyohiyo iliyotukataza israfu. Tumeliona hili linageuka ugomvi ndani ya nyumba: mke anaingiwa na wasiwasi, anamwaga ndoo nzima kaunta moja, anarudia mara tatu, jioni mume hana maji ya kuoga. Wasiwasi nao ni maradhi, na masheikh wametuonya nao.

Njia tuliyoishika ni kuizuia damu isifike kwenye kaunta. Kuku na nyama havikatwi juu ya kaunta, havikatwi hata juu ya kibao kilichowekwa kaunta tupu. Chukua sinia kubwa lenye kingo, lile la kulia pilau likishachakaa linafaa kabisa, weka kibao ndani yake, kata humo. Damu inabaki sinia, sinia linakwenda sinkini au uani, na kopo mbili za maji zinatosha kulisafisha. Sinia hilo lina kazi hiyo peke yake na linaning'inizwa pahala pake. Kisu pia. Ukifanya hivi, kaunta inabaki na vumbi na unga, ambavyo si najisi, na kitambaa chako kinatosha. Hili ni la afya vilevile: maji ya kuku mbichi yana vijidudu vinavyoharisha, na hayafai kukutana na kachumbari. Usimuoshe kuku chini ya bomba la kasi, marashi yake yanaruka mpaka kwenye vikombe.

Na paka? Paka wa Dodoma wanapanda kaunta kama wa Forodhani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, kwa hiyo hakuna haja ya kumwaga pipa la maji kwa ajili ya nyayo zake. Mshushe, pangusa kwa sabuni, endelea.

Jiki nayo ina wapenzi wake. Itumie kwa sinki na tailizi, kidogo, katika maji mengi, dirisha wazi. Usiichanganye kabisa na siki wala ndimu wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na jiko la kupanga lenye dirisha moja ni chumba kidogo mno kwa mchezo huo.

Kupanga sasa. Bibi harusi anafika na zawadi. Bara kuna kichen pati, kwetu kuna vyombo vya mwari, na akiolewa huku na huku anapata vyote: blenda mbili, jiko la kukaangia kwa hewa, jiko la wali la umeme, chupa za chai nne, kimoja cha kukamulia machungwa ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikifanya kazi. Vyote vinapangwa juu ya kaunta ili watu wavione. Maa shaa Allah. Baada ya wiki vimevaa vumbi jekundu lililoshikana na mvuke wa mafuta, na bi harusi anakatia vitunguu juu ya pembe ya mezani kwa kukosa nafasi. Shauri letu ni kwamba kinachotumika kila siku kibaki, kinachotumika Ijumaa kiwe kabatini, kinachotumika Idi kiwe ndani ya boksi lake. Zawadi ya wifi iache mbele mwezi mmoja. Hilo si la jiko, ni la ujirani mwema.

Halafu gawa kaunta kwa maji. Sinki na sentimita zake 50 kila upande ni upande wa majimaji: vyombo, mboga, ndoo. Upande wa mbali na sinki, na mbali na mvuke wa jiko, ni upande wa ukavu: unga, karanga, mchele, viungo. Mpaka huo tunaushika kwa nguvu kuliko mengine yote tuliyoyataja, na tutakwambia kwa nini.

Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, watu wa bara ya kati waliugua ugonjwa usiojulikana mwanzoni: kutapika, tumbo kuvimba, macho kuwa ya njano. Ilikuwa Chemba na Kondoa, wilaya za mkoa huu huu wa Dodoma zenye waislamu wengi, na Kiteto upande wa Manyara. Watu 68 walihesabiwa, 20 walifariki. Kilichowaua kilikuwa chakula chao wenyewe, mahindi ya nyumbani yaliyoota kuvu inayotoa sumu, ndiyo sumukuvu. Allah awarehemu. Tunao marafiki wenye asili ya Kondoa, na ukikaa nao jikoni utaona hawalichukulii jambo la unga kwa mzaha.

Sumukuvu haionekani. Unga unaweza kuwa mweupe na bado ukawa nayo. Kupika hakuiondoi, hata ugali ukichemka saa nzima, na kupeta na kuchagua kunapunguza tu. Inaota pale nafaka inapobaki na unyevu. Kipimo cha mahindi makavu katika viwango vya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Karanga zinapenda kuvu hata kuliko mahindi, na sisi wa pwani tunaweka karanga katika kila kitu, kuanzia kisamvu mpaka kashata.

Kwa hiyo karanga zikitoka Soko la Majengo hazikai kwenye mfuko wa plastiki kando ya sinki. Zimwage kwenye upande mkavu wa kaunta, juu ya ungo au kitambaa cheupe, mchana wenye mwanga, uzichambue moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au nyeusi, iliyotobolewa na mdudu, tupa. Usimpe kuku, usimpe mbuzi, maana maziwa na mayai yanarudi kwako. Kwa mahindi ya gunia, yale wanayonunua waume zetu njiani Kibaigwa kwa sababu ya bei, kuna kipimo cha chumvi: chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu vijiko viwili na konzi ya mahindi, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji. Yaanikwe tena juu ya turubai, sio chini kwenye udongo. Unga nunua wa wiki mbili, si wa miezi mitatu, uweke kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, na usitie kijiko kibichi ndani. Huo ndio mpaka wa kaunta tunaousemea. Mama mkwe akiweka bakuli la maji karibu na pipa la unga, mwambie kwa adabu, "Mama, nikupishie hapa," ukalihamishe mwenyewe.

Na huyo mama mkwe, akija kutoka kijijini, pengine kaunta haitaki. Mgongo wake umezoea kigoda. Mwekee pahala pake chini, mkeka na kigoda karibu na mlango wenye mwanga, umpe ungo wake wa kuchambulia. Atachambua karanga vizuri kuliko wewe.

Usiku tunafunika vyombo. Ni mafunzo ya Mtume (S.A.W.), kufunika vyombo na kutaja jina la Allah kabla ya kulala, na katika mji wa vumbi faida yake unaiona kwa macho kila alfajiri: kawa jekundu juu, maji safi chini. Juu ya kaunta yetu usiku panabaki jagi la maji lililofunikwa, kopo la udhu lililopinduliwa, na tende za daku kama ni Ramadhani.

Kama unasafiri karibuni, tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo mzigo wako hautumbuki tena usiku kucha kwenye buti la basi. Chukua mbuzi ya nazi, maana nazi utazipata na mbuzi nzuri hutaipata. Chukua viungo vyako vizima, usage huko huko kidogo kidogo, na sinia moja kuukuu la kukatia nyama. Vitambaa, ndoo na ungo usibebe. Majengo vipo vingi, na ungo wa huku umesukwa vizuri zaidi.